Kijiko Kwenye Bomba

Lifti ilikufa Novemba, siku ya theluji ya kwanza.
Wenye jengo wakabandika karatasi: Tunaomba radhi.
Radhi haipandi ngazi.
Kutoka mlangoni hadi ghorofa ya sita
ni vipandio tisini na sita. Nimevihesabu kwa mapafu,
haya mapafu ambayo nusu yake niliyaacha
chini ya Katowice, kwenye makaa.

Bogumila alivipanda na pacha,
mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
na Tymek wa miaka minne ameng'ang'ania pindo la koti.
Mume yuko Norwe, anachomelea meli.
Mimi hufungua mlango, nasema, "Pole, mama,"
kisha naufunga upesi, joto lisitoke.

Wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nami niliuona mwepesi kweli,
kwa kuwa niliubeba kwa macho.

Usiku mmoja wa Januari bomba likalia.
Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.
Bomba la joto hupita kila nyumba
kutoka kwangu hadi paani, kama mshipa.
Mtu mwingine angesema ni hewa, ni kutu.
Lakini mimi niliwahi kuzikwa siku nzima na saa saba
pamoja na Alojzy na mtu ambaye sikumwona uso,
tukigonga reli kwa jiwe, tatu, kimya, tatu,
na maana yake ilikuwa moja tu:
tupo.

Nikapanda. Kila ghorofa nikatega sikio kwenye chuma,
nikapumzika, nikakohoa, nikapanda.
Tymek akafungua, kijiko mkononi.
"Mama amelala bafuni," akasema.
"Wadogo nimewaambia wanyamaze. Hawasikii."

Alikuwa sakafuni, ameegemea mashine ya kufulia,
chupa ya maziwa imepoa mapajani,
usingizi umemwangusha kama aliyesukumwa.
Sikumwamsha.
Nikamwinua mtoto mmoja
kama bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni,
maana miaka arobaini sikushika kichanga,
na wangu, nikiri, alishikwa na mama yake.
Yule wa pili akazidi kulia.
Nikachukua kile kijiko nikagonga bomba,
sijui nikimwita nani.

Akaja Halszka wa ghorofa ya tatu, nywele zimefungwa vibanio,
na hasira ya mtu aliyekatizwa ndoto.
Akamtazama Bogumila, akavua pete zake,
akaomba sabuni.

Ndivyo ilivyoanza, bila kikao.
Jumatano Bogumila hulala saa mbili, mlango umefungwa,
na asiyefikisha saa mbili hugombezwa na Halszka.
Ignacy wa gari la mikate huacha mkate wa jana, ungali laini.
Ile fomu ya posho ya watoto, kurasa sita,
niliijaza mimi kwa mkono wa mchimbaji;
ikarudishwa; nikaijaza tena.
Tulikosea pia. Tulimletea supu mpaka akalia:
"Nina supu. Sina mtu wa kuongea naye."
Na Wieslaw wa ghorofa ya tano alilalamika kwa barua
kuhusu kigari kilichoziba korido,
hata asubuhi moja nikamkuta amekibeba begani,
anapanda, hanisalimu,
anahema kama mwizi.

Sasa ni Machi, lifti imefufuka.
Inanuka rangi mpya.
Nilidhani kila mtu angerudi nyuma ya mlango wake,
na wengine wamerudi, siwezi kuficha.
Lakini saa mbili usiku bomba hulia mara moja tu:
Tymek anakwenda kulala.
Nami humjibu mara moja.

Kando ya kitanda changu kipo kijiko.
Kuna usiku kifua hukaza, hewa huwa nyembamba kama uzi,
nami hukishika, nahesabu,
tatu, kimya, tatu,
kwa kidole tu, juu ya blanketi.
Kubeba nimejifunza.
Kugonga, bado.